Mkono wa Pili

Jumatatu, 1 Oktoba

Daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba moyo wangu umechoka kuliko mimi mwenyewe. Nikamuuliza kama nitaiona Krismasi. Akasema, "Bwana Amundsen, nunua mti mdogo." Nilicheka mpaka nikakohoa. Gerlinde Popp, jirani yangu, aliyenipeleka kwa gari lake, hakucheka. Njia nzima ya kurudi alinung'unika kwamba madaktari wa siku hizi wanafundishwa utani badala ya tiba.

Nimeishi katika mji huu wa Ebersgrund tangu nilipovua sare ya jeshi la Marekani. Nilioa hapa, nikafundisha historia hapa, nikamzika mke wangu Irmgard hapa. Nitazikwa kando yake. Kabla ya hapo kuna jambo moja.

Alhamisi, 4 Oktoba

Ukungu. Haukuinuka mpaka adhuhuri.

Jumamosi, 6 Oktoba

Wameanza kuyatoa maji mabwawa ya samaki. Gerlinde ameniletea nusu samaki wa kukaanga, mkia ukiwa umekunjika kama kiatu cha zamani. "Kula wakati una moto," akasema, "maana wewe ukianza kufikiri, chakula kinapoa."

Nilikuwa sijaonja simu ilipolia. Dwayne Ostrander, kutoka Kentucky.

"Profesa! Hujafa bado?"

"Bado. Na wewe hujapata adabu bado?"

"Adabu niliiacha huko kwenu, kwenye uwanja wa vifaru. Nasikia wanaubomoa."

Ni kweli. Kambi yetu ya zamani imekuwa tupu miaka mingi, na sasa mji unataka nyumba. Meya amewaalika askari wa zamani waje kuiaga, tarehe tatu mwezi ujao.

"Nakuja na Verna," akasema. Kisha sauti yake ikashuka. "Nataka kusimama pale pale, Profesa, kabla hawajapachimbua. Nimwombe Denzil radhi mahali penyewe. Utanisindikiza? Wewe ndiye pekee uliyekuwepo."

Nikasema nitamsindikiza. Samaki alipoa, Gerlinde akaniambia, "Unaona sasa?"

Jumanne, 9 Oktoba

Niandike leo, maana nikisubiri nitapata udhuru mwingine, na kwa udhuru mimi ni fundi.

Novemba, mwaka 1970. Mimi, Dwayne na Denzil Combs tulikuwa wa kifaru kimoja. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu kabla ya kuitwa jeshini, ndiyo maana walinibatiza Profesa. Dwayne, kijana wa mashambani Michigan, alikuwa dereva. Denzil alitoka milima ya Kentucky. Alikuwa mrefu, mwenye kuimba bila kuombwa, mwombaji sigara asiyechoka. Alikuwa na picha ya dada yake Verna ndani ya kofia, na yeyote aliyeitazama mara mbili alitishiwa ngumi.

Uwanja wa vifaru ulikuwa na sheria moja ambayo tuliijua kabla ya kulijua jina la kamanda. Ndani ya uwanja kifaru hakisogei hata shubiri bila mwongozaji kukitangulia kwa miguu. Dereva amezama kwenye tundu lake, kichwa tu kiko nje, na hakioni kilicho chini ya pua ya chuma. Macho yake hayaruhusiwi kwenda kwingine ila kwenye mikono ya mwongozaji. Ngumi ikiwa juu: simama. Kiganja kikijivutia usoni: njoo. Dereva haulizi kwa nini. Mikono ile ndiyo macho yake.

Asubuhi ile mwongozaji nilikuwa mimi. Ukungu ulikuwa mzito. Denzil aliingia kati ya kifaru chetu na kile kilichokuwa mbele, akachutama kunasua waya wa kukokotea. Nilimwona akiingia. Nikainua ngumi ya kulia, Dwayne akasimama. Mpaka hapo sina lawama.

Kisha nikasikia honi ya Zapf. Zapf alikuwa mwoka mikate wa mjini. Kila asubuhi alileta gari lake mpaka kwenye uzio wetu, akauza vimikate vya moto vyenye soseji, na aliyechelewa alikuta harufu tu. Nikageuza kichwa, nikaona taa zake zikisogea kana kwamba anaondoka. Nilikuwa na njaa. Nikainua mkono wa kushoto nikamwita. Kiganja kikijivutia usoni: njoo, njoo.

Ngumi ya kulia ilikuwa bado juu, ndani ya glavu nyeusi, mbele ya ukuta mweusi wa karakana. Mkono wa kushoto ulikuwa mtupu, maana nilikuwa nimetoka kuwasha sigara. Katika ukungu ule kitu pekee kilichoonekana kilikuwa ule mkono mweupe, unaita.

Denzil hakupiga kelele. Palisikika chuma kikigusa chuma, mlio mdogo.

Dwayne aliwaambia wachunguzi, "Profesa aliniita. Niliuona mkono." Wakaniita mimi. Meja akauliza, "Ngumi yako ilikuwa juu?" Nikajibu, "Ndiyo, bwana mkubwa, ilikuwa juu." Akarudia swali, nikarudia jibu. Sikutamka hata neno moja la uongo. Ndivyo elimu yangu ilivyonifaa. Habari za mkono wa pili hakuna aliyeziuliza.

Dwayne akavuliwa cheo, akatolewa kwenye vifaru, akapelekwa jikoni kusugua masufuria mpaka muda wake ulipokwisha. Siku moja alinifuata akiwa bado na povu mikononi. "Profesa," akasema, "wewe si mtu wa uongo. Basi ni ukungu ulionidanganya. Niliona nilichotaka kuona, nikamuua." Nami nikamshika bega. Nikamfariji.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimelala mchana kutwa. Gerlinde anadhani ni dawa.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimesahau kuandika lililo kubwa zaidi. Dwayne alipoachiwa hakurudi kwao. Alipanda basi mpaka Kentucky, akabisha mlango wa wazazi wa Denzil, akasema, "Mimi ndiye niliyemuua mwanenu." Verna ndiye aliyefungua. Akamfungia mlango usoni. Dwayne akatafuta kazi kwenye kiwanda cha mbao cha jirani, akakaa. Akawarekebishia paa, akawapasulia kuni, aamkiwe au asiamkiwe. Mwishowe Verna alimsamehe, na baada ya kumsamehe akaolewa naye. Wana watoto na wajukuu.

Kwa hiyo ndoa nzima ya rafiki yangu imesimama juu ya mkono wangu wa kushoto. Kila nilipokusudia kusema, nilijiambia kwamba nitaibomoa nyumba ya watu. Udhuru mzuri. Ulikuwa na sura ya huruma.

Jumamosi, 20 Oktoba

Gerlinde amenipeleka kambini. Katapila mbili zimekwisha kulila jiko na nusu ya mabweni. Bado ukuta mmoja una rangi ile ya kijani iliyofanana na supu ya njegere, tuliyoisugua kila Ijumaa kwa ajili ya ukaguzi. Nilisikia harufu ya makaa ya mawe na dizeli, ingawa hakuna tena makaa wala dizeli ya namna ile.

Uwanja wa vifaru bado haujaguswa. Msimamizi akasema zamu yake ni baada ya sherehe ya meya. "Wazee wenu wapige picha kwanza," akasema.

"Wazee wenu," Gerlinde akamrudishia. "Na wewe utakuwa nani baada ya miaka thelathini, bwana mdogo?"

Jumapili, 28 Oktoba

Leo saa zote zimerudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi. Laiti.

Alhamisi, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nimewasha mshumaa kwenye kaburi la Irmgard. Wakati mmoja aliniuliza kwa nini simwiti mtu kwa mkono, hata mtoto darasani, hata mhudumu wa mgahawa. Nikamwambia ni adabu tuliyofunzwa Minnesota. Akaisimulia kwa dada zake kama sifa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kimenikuta bado naficha.

Ijumaa, 2 Novemba

Wamefika. Dwayne amenenepa kiunoni na kupungua kichwani. Verna ni mwembamba, nywele nyeupe amezifunga nyuma, na macho yake hayana haraka. Alinibusu shavuni, akanishika vidole baridi akavisugua kama anavyofanyiwa mtoto.

"Dwayne hasemi jina lako bila kuongeza 'mtu mkweli,'" akaniambia.

"Wewe umeniona sasa," nikasema. "Amua mwenyewe."

"Naona mtu asiyekula," Verna akasema. Gerlinde, aliyekuwa mlangoni na sahani, akapata mwenzake.

Jumamosi, 3 Novemba

Naandika asubuhi ya Jumapili, kwa kuwa jana sikuweza.

Ukumbi wa mgahawa ulijaa wazee wenye kofia za vikosi. Mwanzoni palikuwa pazuri. Mmoja wa Texas alikumbuka maandazi ya viazi ya mwenye mgahawa wa wakati ule. "Yalikuwa mazito, bwana! Tungeyapakia kwenye mizinga, Warusi wangesalimu amri." Mwingine akakumbuka ving'ora vya tahadhari, vilivyolia kila mara ukiwa umejipaka sabuni. "Tunakimbia na mataulo tukidhani vita vimeanza. Tunafika, tunamkuta kamanda anatazama saa yake. 'Mmechelewa, mmekwisha kufa wote!'"

"Na sisi je?" akasema Gerlinde kutoka meza ya wenyeji. "Mlikuwa mkipita na makopo yenu, vikombe vya mama yangu vinacheza kabatini. Hakuna kilichobaki na mshikio. Tulikunywa kahawa kama tunanywa kwenye makopo ya maua."

Wakapiga meza kwa kucheka. Meya akauliza kama kuna mwingine mwenye kumbukumbu. Dwayne akasimama.

Nilijua. Nilimshika mkono wa koti, lakini mkono wangu hauna nguvu tena ya kumzuia mtu.

"Naitwa Ostrander," akasema. "Wengine mnanikumbuka, wengine mmenyamaza kwa heshima. Mimi ndiye dereva aliyemuua Denzil Combs. Mwongozaji wangu alikuwa ameinua ngumi. Nikaenda. Sikulewa, sikusinzia. Niliona mkono usiokuwepo. Nawaombeni radhi, maana siku ile niliwaharibia na ninyi." Akanigeukia. "Na nakushukuru Profesa mbele ya watu. Angeweza kuniteta. Hakusema zaidi ya alichoulizwa."

Kisha yule wa Texas akaanza kupiga makofi, na wote wakampigia, na baadhi yao wakanipigia mimi. Verna aliinamisha kichwa, mkono wake mgongoni mwa mumewe.

Nilipata nafasi. Ilikuwa wazi kama mlango. Nikasimama, watu wakanyamaza wanisikilize. Nikasema, "Asante." Nikaketi.

Jumapili, 4 Novemba

Verna alikwenda kanisani. Gerlinde alitushusha kwenye lango la kambi, akabaki ndani ya gari. Ukungu ulikuwa chini chini, unafika magotini.

Dwayne alipajua mahali bila kuonyeshwa. Akavua kofia. Akapiga goti, kwa shida, mkono ukishika saruji. "Denzil, ndugu yangu," akaanza, "ni mimi—"

"Dwayne, nyamaza kwanza."

Akanitazama kutoka chini.

Nilikuwa nimetunga sentensi nyingi tangu mwezi uliopita. Zote zilianza na mimi: nilikuwa kijana, niliogopa, nilikuwa na njaa. Nikaziacha. Nikasema, "Uliuona mkono kweli. Ulikuwa wangu. Nilikuwa namwita Zapf."

Hakuelewa. Nikamweleza yote, Zapf, sigara, glavu, swali la meja. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi ainuke na kusogea anisikie.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Mtupu?"

"Mtupu."

Akafumba macho. "Mweupe," akasema. "Niliona kitu cheupe. Niliwaambia. Wakasema ukungu ni mweupe, kijana." Akaikunja kofia mkononi. "Niliona. Profesa, niliona!" Akaanza kutembea, akirudi, akienda, akisema neno hilo moja, mara ya mwisho kwa sauti iliyomfanya Gerlinde afungue mlango wa gari.

Kisha akaja akasimama mbele yangu, karibu sana.

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu nakufa."

"Aha. Kwa hiyo hata leo ni kwa ajili yako."

Nikautia mkono wa kushoto mfukoni.

"Ungeniambia nikiwa na miaka thelathini," akasema, "ningekuvunja taya, halafu tungekwenda kunywa bia. Sasa nikikugusa utakufa, na watasema tena ni mimi." Akacheka, kicheko kilichomtoka kama kikohozi, halafu akalia, uso wazi, bila kuufunika.

Gerlinde alikuwa amefika. Hakuuliza kitu. Alinishika kiwiko kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiyumba, nami niliona aibu kushikwa mimi.

Tukiwa karibu na lango Dwayne akanizuia. "Verna asijue. Unanisikia? Kunisamehe mimi ndiyo kazi ngumu kuliko zote aliyowahi kuifanya. Aliifanya mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Sitaki aambiwe kwamba aliifanya bure."

Sikusema ndiyo, wala hapana. Alitembea kwa miguu mpaka mjini.

Jumatatu, 5 Novemba

Simu haijalia. Gerlinde amekaa nami, anafuma soksi, hauniulizi mdomo wake, macho yake yananiuliza. Pumzi ni fupi leo. Naogopa kufa kabla hayajaisha, nami naogopa yaishe.

Jumanne, 6 Novemba

Verna alikuja asubuhi, peke yake, na koti lake akiwa amelifunga mpaka shingoni. Gerlinde alimwekea kahawa, akajitia kukumbuka nguo zake kambani, akatoka. Nje kulikuwa na mvua.

"Dwayne amenikataza nisikuulize," Verna akasema. "Ndiyo maana nimekuja kuuliza."

Nikamwambia kwamba mumewe ana sababu zake.

"Nisikilize, Clifford. Tangu nimjue mwanamume yule, kila njia panda ananiuliza: 'Verna, kuko wazi?' Anaona vizuri kuliko mimi. Lakini lazima aniulize. Nikiugua hapandi gari. Jana ametoka na gari la kukodi, tumezunguka vijiji vyote vya huku, hakuniuliza hata mara moja. Anaendesha, machozi yanamtoka. Ulimwambia nini?"

Ningeweza kusema, muulize yeye. Lilikuwa jibu zuri, lisilo na uongo ndani yake. Nilikuwa nimekwisha kulifungulia kinywa. Nikalitambua. Lilikuwa ndugu wa lile jibu nililompa meja.

Nikamwambia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikisogeza kikombe cha kahawa kando.

"Kile kimkate," akasema. "Ulikipata?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Hata hapa sikuliandika, nilipoandika yote siku ile ya tarehe tisa na kujiona nimetubu.

"Nilikipata," nikasema. "Baada ya kumchukua Denzil. Zapf alinihurumia, akanitilia mkononi. Nikala."

"Chote?"

"Chote."

Verna akainamisha kichwa, kama mtu aliyepewa kitu kizito akakipima. Niliisikia mvua, na Gerlinde huko nje akijisemesha na nguo.

"Dwayne anadhani nitasikitika kwamba nilimsamehe bure," akasema mwishowe. "Wanaume! Sikumsamehe kwa sababu alikuwa na kosa. Nilimsamehe kwa sababu alikuwa juu ya paa letu, mvua kama hii, na hakuna mtu aliyemwomba apande." Akasimama, akafunga kifungo cha mwisho cha koti. "Yule ni wangu na atabaki wangu. Hilo lisikusumbue."

Nikamuuliza, kwa kuwa sina siku za kuuliza tena, "Na mimi?"

Alinitazama kwa macho yale yasiyo na haraka. Sikuona chuki ndani yake. Ingekuwa chuki ningejua pa kuiweka.

"Kwa Dwayne ilinichukua miaka sita," akasema. "Wewe huna miaka sita."

"Sina."

Akafika mlangoni. Akashika kitasa, akasimama amenipa mgongo, nikadhani ameghairi kusema.

"Nitaanza," akasema. "Lakini usinisubiri."